Kukanyagwa na Mama wa Pacha

Mgongo wangu uliharibikia kwenye ngazi za nyumba moja Kileleshwa, nikiwa nimeshika mwisho wa chini wa bafu. Sisemi chumba cha kuogea. Nasema lile hodhi lenyewe la chuma, jeupe kwa ndani, zito kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Fundi wa mabomba aliyenipa kibarua siku hiyo alishika mwisho wa juu, akawa anapanda kinyumenyume huku akinipa amri. Tulipofika kwenye kona niliona mlango wa jikoni uko wazi, na mle ndani mashine inazunguka peke yake, nguo zikionekana kupitia kioo. Sikuwa nimewahi kuona mashine ya kufua. Nikageuza kiuno nione vizuri, bafu likabaki lilivyokuwa. Kitu kikalia chini ya mbavu, kama kijiti kikavu cha kuwashia moto kinapovunjwa.

"Umesimama nini?" fundi aliuliza kutoka juu.

"Hakuna."

"Basi panda."

Nikapanda. Kesho yake sikuweza kuinama kufunga viatu, na kesho kutwa niliamka kwa kujiviringisha kitandani kama gogo.

Mimi sikuwa mtu wa kukaa mahali. Shule niliiacha mapema, na si kwa kukosa karo kama wengi wa rika langu. Niliiacha kwa sababu darasa letu lilikuwa karibu na mlima, na kila lori lilipobadilisha gia kupanda, sikio langu lilitoka nje likalifuata. Mwalimu akiuliza swali, mimi ningali nafikiria lile lori linakwenda wapi na litarudi na nini. Nilipofika Nairobi nilikata majani Loresho, niliosha vikombe katika hoteli ya chai katikati ya mji, nilichonga mawe, nilipaka rangi mapaa. Kila kazi niliifanya mpaka nilipoielewa, kisha nikaiacha. Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimepanga chumba Uthiru, katika ploti ya vyumba vilivyopangwa mstari, ukuta wa mbao na bati juu, na majirani wengi walikuwa watu wa kwetu, wa upande wa magharibi.

Mmoja wa majirani hao alikuwa dereva wa lori la masafa. Alikwenda Kampala, na mara nyingine akapitiliza mpaka Kigali na kwingine ambako hata jina sikulijua. Akirudi nilikuwa namkalia mlangoni kwake kumuuliza maswali: watu wa huko wanakula nini, mto uko upande gani wa barabara, askari wa mpaka wanaongea lugha gani. Alichoka nami. Lakini taniboi wake, yule msaidizi anayepanda nyuma na kufunga turubai, alipotangaza kwamba anakwenda nyumbani kuoa na harudi, dereva alinifikiria mimi.

"Kazi ni yako," aliniambia. "Lori liko gereji. Likitoka tu, tunapakia, tunaenda."

Sikulala usiku ule kwa furaha. Hiyo ilikuwa kabla ya bafu.

Baada ya bafu alinitazama nikitembea kuelekea msalani, akakunja uso. "Spea tairi inakaa pale ubavuni mwa bodi," alisema. "Ikitoka pancha njiani, ni wewe unaishusha, ni wewe unaipandisha. Mimi ni dereva, siinui. Siku ya kuondoka utaiinua mbele yangu nione. Ukishindwa, hakuna lawama."

Basi tangu siku ile nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mgongo wangu upone kabla lori halijatoka gereji.

Nilianzia hospitalini. Baada ya foleni ya kutosha kumfanya mtu apone au afe, nilipelekwa kwenye chumba cha mazoezi, na huko nikamkuta msichana wa sare nyeupe mwenye vidole gumba vya mwanamume. Alinilaza kifudifudi akapita na vidole hivyo juu ya uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayebonyeza maembe sokoni.

"Hapa? Na hapa?"

"Hapo! Hapo hapo!"

"Naona." Akakandamiza zaidi, akaegemea kwa uzito wake wote, akaachia, akaegemea tena, taratibu, mpaka nikasikia joto linashuka miguuni. Nikafikiri sasa tumeanza. Kumbe tulikuwa tumemaliza. Alinionyesha mambo ya kufanya nyumbani: nilale chali nivute magoti kifuani, niinue nyonga, kisha nipige magoti na viganja sakafuni, niupinde mgongo juu kama paka aliyemwona mbwa.

"Kila asubuhi," alisema.

"Na dawa?"

"Hii ndiyo dawa."

"Dada, nimekuja nitibiwe. Sasa unanituma nikajitibu mwenyewe?"

"Mgongo ni wako ama ni wangu?" Akacheka, akaita mwingine.

Nilitoka nikishuku kwamba wamegundua njia ya kupunguza foleni, yaani kila mgonjwa anarudi na kazi yake nyumbani. Hata hivyo niliyafanya yale mazoezi, kwa udadisi tu, mlango ukiwa umefungwa. Mtu mzima hataki kuonekana akiwa paka.

Kisha nikasikia habari za bwana mmoja mjini, orofa ya pili, kwenye kichochoro cha mafundi cherehani nyuma ya soko. Alikuwa na picha ya mifupa ya binadamu ukutani na kitanda kirefu cha ngozi bandia. Huyo hakubonyeza. Alinikunja mguu mmoja juu ya mwingine, akashika bega langu, akaniambia nipumue nje, halafu akanizungusha ghafla kama mtu anayekamua nguo. Ikalia *ka!*

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Huo ni mfupa umerudi mahali pake."

"Ulikuwa umekwenda wapi?"

Hakucheka. Nilishuka ngazi zile nikiwa mwepesi, nikatembea kwa miguu mpaka Westlands nikipiga mluzi, na hapo Westlands yale maumivu yakawa yananingojea, kama mtu tuliyeagana naye tukutane kituoni. Nikaanza kufikiri juu ya ule mlio. Mimi mwenyewe naweza kuliza vidole vyangu vikatoa mlio uleule. Niliporudi kwake mara ya pili sikufumba macho kama alivyoniagiza. Nilipinda shingo nikawa naangalia mikono yake.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Nataka kuona ni nini kinalia. Ni mgongo wangu ama ni kidole chako?"

Aliniacha nimekunjwa vilevile, akarudi nyuma hatua moja. "Wewe ni polisi?"

"Hapana."

"Basi lala kama mgonjwa, ama uende kama polisi."

Nilikwenda. Mpaka leo sijui ni nini kilichokuwa kinalia.

Aliyenigombeza kwa mizunguko hii alikuwa jirani yangu mwingine, mama aliyeuza mboga kando ya barabara, mtu wa kwetu kabisa. Alinikuta nimeegemea nguzo ya ploti siwezi kukaa wala kusimama.

"Unazunguka mji kama barua haina stempu," alisema. "Mgongo wa namna hiyo haushikishwi watu ovyo. Mgongo unakanyagwa na mama wa pacha. Wewe ulizaliwa wapi hata hujui?"

Nilijua. Kwetu, mwanamke aliyezaa pacha anahesabiwa kuwa na nguvu ambayo wengine hawana, na mgongo uliokataa kila dawa hupelekwa kwake aupande kwa miguu yake mitupu. Mgonjwa hulala kizingitini, kichwa nje na miguu ndani. Mama huvuka akikanyaga polepole. Akishuka, mgonjwa huinuka na kuondoka bila kushukuru. Ukisema asante, umemrudishia dawa yake, nawe unabaki na ugonjwa wako. Nikiwa mtoto nilimwona mjomba wangu akikanyagwa. Aliinuka amenyooka kama mlingoti. Lakini nilikuwa mtoto wa kuangalia sana, nikaona pia kwamba mgongo wake uliumwa wakati wa kulima tu, na wakati wa pombe ulikuwa mzima. Kwa hiyo hata dawa hiyo sikuwa nimeipa imani yangu.

"Mama wa pacha tunamtoa wapi?" nilimuuliza. "Yule wa Kangemi si amekwenda nyumbani kupanda?"

Mama wa mboga aliangalia huku na huku, akashusha sauti, akaelekeza mdomo kwenye nyumba ya mawe iliyokuwa mbele ya ploti. "Si huyu wetu?"

Alikuwa na maana ya mwenye ploti. Huyo alikuwa mama mjane wa pale pale, ambaye ukoo wa mumewe ulilima Uthiru kabla haijawa na ploti hata moja. Alikuwa na ng'ombe, migomba na kufuli nyingi. Krismasi iliyotangulia tuliona wasichana wawili wanashuka kwenye gari kuja kumwamkia, na sote tulisimama tukiwatazama, maana ilikuwa sura moja imevaa nguo mbili.

Nilimwendea asubuhi, akiwa anakamua. Nilisimama mbali kidogo kwa heshima, nikaamkia, nikaeleza shida yangu yote kuanzia bafu. Alisikiliza bila kugeuka. Nilipotaja pacha, maziwa yaliacha kulia kwenye ndoo.

"Nani alikuambia mimi niko na pacha?"

"Tuliwaona Krismasi, mama."

"Mliwaona. Halafu mkaongea."

"Kidogo tu."

"Sasa umetumwa na nani uje unitukane kwa boma yangu?"

"Si matusi, mama. Ni heshima. Kwetu..."

"Ati nikukanyage." Aliinuka. Alikuwa mama mkubwa, mwenye gambuti za mumewe marehemu. "Mimi. Na hii uzito yote. Uvunjike katikati, halafu ulale kwa nyumba yangu bure mpaka Yesu arudi. Hiyo akili nimeiona. Nyinyi watu ya huko mko na akili nyingi. Toka hapa kabla ng'ombe iache kutoa maziwa."

Nilitoka. Kuanzia siku hiyo hakuniondolea macho. Nikipita karibu na banda la kuku, alikuja kuwahesabu. Nikiongea na mama wa mboga, dirisha lake lilifunguka. Nami nilimshuku yeye. Kwa nini mtu akasirike hivyo kwa kuombwa msaada? Nikafikiri pengine wale wasichana si pacha, ni ndugu tu waliofanana, na anaogopa tutamgundua. Nikaanza kupanga namna ya kujua ukweli. Wakati huo dereva alileta habari kwamba injini imekwisha kufungwa, lori litatoka gereji wiki hiyo hiyo.

Alasiri moja nilikuwa sakafuni kwangu, magoti na viganja chini, mgongo juu, mlango ukasukumwa. Alikuwa mwenye ploti. Alitazama kwa muda.

"Hii ni nini unafanya?"

"Ni ya hospitali, mama."

"Hospitali gani inafunza watu kuwa paka?"

Nilimwonyesha yote, hata ya kuinua nyonga, kwa sababu niliona asipoelewa atanifukuza kama mchawi. Alikaa kwenye kigoda changu cha pekee, mlango ukiwa wazi kabisa ili kila mtu aone hakuna siri. Akaangalia mikono yake.

"Niambie," alisema. "Huko kwenu, mwanamke akizaa pacha, watu wanasema nini?"

"Hawasemi, mama. Wanacheza."

"Wanacheza nini?"

"Ngoma. Wanakuja kijiji kizima. Wanaimba nyimbo za matusi, zile ambazo siku nyingine mtu akiziimba anapigwa, lakini siku hiyo ni ruhusa. Wanaleta kuku, wanaleta unga. Mama anakalishwa mbele, na baba pia. Hata akizeeka, akipita njiani anapishwa."

"Kuku pia?"

"Kuku kabisa."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. "Mimi nilizaa hawa wangu wakati wa baridi," alisema. "Mama ya bwana yangu alikuja mpaka mlangoni, akaangalia kitanda, akarudi. Hakuleta hata uji. Wale wazee wa zamani wa huku hawakutaka pacha, waliona ni bahati mbaya. Sisi tulikuwa tumeokoka, na pasta alibatiza wote wawili siku moja. Lakini watu hawakuacha kuangalia. Mtu akipoteza ng'ombe, ananiangalia. Mvua ikikataa, wananiangalia. Nikajifunza nisiwataje. Sasa wewe unakuja asubuhi, unasimama hapo kwa ng'ombe, unaniambia ati mguu yangu ni dawa."

"Si mimi ninayesema. Ni wao."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi simwamini mtu, mama."

"Hiyo ni mzuri," alisema akiinuka. "Hata mimi. Jumamosi asubuhi. Na uite hao watu wote watoke nje, waone ni wewe umeomba, sio mimi nimekushika."

Jumamosi ploti nzima ilitoka. Dereva tu ndiye hakuwepo, alikuwa gereji. Nililala kwenye kizingiti changu kichwa kikiwa nje, kidevu juu ya kitambaa, nikiona gambuti zinakuja kwenye umande. Alizivua. Akamwambia mama wa mboga amletee maji, akaosha miguu yake polepole, kila kidole, kama mtu anayekwenda kanisani. Kisha akauliza, "Naanzia wapi?"

"Chini, mama, karibu na kiuno," mama wa mboga alisema. "Halafu unapanda kama ngazi."

Alishika miimo ya mlango kwa mikono miwili. Mguu wa kwanza ulikuja baridi kutoka kwenye maji. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, lakini hakukanyaga kama nilivyoogopa. Alipunguza uzito kwa mikono, akauachia kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu tope kwa unyayo kabla ya kuvuka. Kisha mguu wa pili. Pumzi ilinitoka yote. Nilikuwa natafuta udanganyifu hata hapo chini, nikisikiliza nani anacheka, nikipima kama ni mguu unaofanya kazi au ni sakafu. Unyayo wake ulifika pale ambapo yule msichana wa hospitali alisema "naona," na kitu kikasogea bila mlio wowote. Hakika bila mlio. Nikasahau kushuku kwa muda.

Alishuka upande wa kichwani. Niliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu Kileleshwa niliinuka moja kwa moja, sikupitia magoti. Watu wakaguna, kisha wakanyamaza kimya, kwa sababu sasa ilikuwa zamu yangu kuondoka bila neno.

Mwenye ploti alisimama pale miguu mitupu, sketi imelowa pindo, akitazama uso mmoja baada ya mwingine. Niliona shingo yake inaanza kuwa ngumu.

"Ni nini mmenyamaza?" alisema. "Na wewe? Nimekukanyaga mpaka jasho inanitoka. Hata asante huna?"

Nyuma yake mama wa mboga alinitolea macho na kutikisa kichwa kwa nguvu. Nikamwangalia mwenye ploti. Nilijua anachokiona. Anaona watu wa mbali wamemtoa nje mbele ya nyumba zake mwenyewe, wakamvua viatu, wakajua siri yake, na sasa wananyamaza wakimtazama kama alivyotazamwa mvua ilipokataa. Na mimi, mtu nisiyeamini lolote, nikajikuta nimeng'ang'ania neno moja dogo kama mtu aliyeshikilia tikiti ya safari.

"Asante, mama," nikasema.

Kelele zilizozuka! Mama wa mboga alishika kichwa. "Ameiharibu! Mjinga amerudisha dawa yote!"

"Dawa gani?" mwenye ploti aliuliza.

Wakamweleza, watu watatu kwa wakati mmoja. Alipoelewa, alikasirika kuliko mwanzo. "Na kwa nini hamkuniambia?"

"Mama, tulijua unajua!" mama wa mboga alisema. "Si ni wewe mama wa pacha?"

Alivaa gambuti zake akaondoka bila kumuaga mtu.

Jumatatu lori lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Nakuru, limepakiwa, turubai limefungwa. Spea tairi ililazwa chini kwenye majani. Kando ya lori alisimama kijana mmoja nisiyemjua, mwenye blanketi jipya lililokunjwa chini ya kwapa. Sikuuliza ni nani. Mtu habebi blanketi asubuhi kwenda kumjulia dereva hali.

Niliisimamisha tairi. Niliitembeza mpaka ubavuni mwa bodi. Nilichuchumaa kwa magoti kama yule msichana wa hospitali alivyonifundisha, nikaikumbatia, nikaipandisha kwa mapaja, nikaisukuma mpaka ikakaa kwenye chuma chake. Mgongo ulilalamika, lakini haukukatika. Nikafunga nati.

Dereva alizunguka akaishika tairi, akaitikisa. Akajikuna shingo. "Nimesikia ulishukuru," alisema.

"Tairi si iko juu?"

"Iko juu hapa Uthiru. Na Mbarara je? Dawa umeirudisha, bwana. Hiyo uliyoinua nayo ni mabaki."

Nikamwangalia yule wa blanketi. Akaangalia pembeni. Uso wake ulikuwa na pua ileile ya mke wa dereva, na hapo nikaelewa kwamba asante yangu ilikuwa imemfaa mtu. Lakini ningefanya nini? Nikisema dawa ile si kitu, nasema mbele ya watu wa kwetu ambao wote waliiamini. Nikisema ni kitu, basi ni kweli nimeiharibu. Nilisimama pale nikijifuta mikono kwenye suruali.

Mwenye ploti alikuwa anatoka kupeleka maziwa, mkebe mkononi. Alipunguza mwendo. Alikuwa mtu asiyepita jambo bila kulijua.

"Kwani hii gari haiendi?"

"Inaenda, mama," dereva alisema. "Huyu ndiye anabaki. Si unajua mambo ya Jumamosi."

"Mambo gani?"

"Ile dawa yako iliharibika."

Aliweka mkebe chini. "Nani alikanyaga?"

"Ni wewe, mama."

"Na mimi nimesema imeharibika?"

Dereva akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta njia. "Mama, hizi ni desturi za kwetu..."

"Za kwenu na mguu wangu. Mkitaka mguu ni wangu, mkitaka kuharibu ni yenu?" Akanigeukia. "Wewe paka. Lala chini."

"Hapa, mama? Barabarani?"

"Lala!"

Kulikuwa na gunia tupu kwenye majani. Nililala juu yake, pua ikinusa oili. Akavua gambuti. Hakukuwa na miimo ya kushika, kwa hiyo alishika mkono wa dereva, akamlazimisha asimame pale kama nguzo, akanipanda. Safari hii alikaa zaidi. Mama wa mboga alikuwa amefika mbio kutoka kwenye kibanda chake, na magari yaliyopita yalipunguza mwendo. Sijui walidhani nini.

Aliposhuka, alininyooshea kidole kabla sijainuka. "Na unyamaze."

Nikainuka. Nikanyamaza. Kila mtu alikuwa ananiangalia mdomo.

"Haya," alimwambia dereva, "kuna neno ingine?"

Dereva alimwangalia shemeji yake, akaangalia tairi, akaangalia gambuti. "Panda," akaniambia.

Nilipanda juu ya turubai. Lori lilipotia gia niligeuka. Alikuwa amesimama kando ya mkebe wake, mikono kiunoni, miguu bado mitupu kwenye majani, na mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Funga!" mama wa mboga akapiga kelele. "Funga hiyo mdomo!"

Nikaufunga. Nililibeba neno hilo mpaka Limuru kama kiazi cha moto kinywani.

Niliendesha maisha yangu juu ya lori hilo kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Niliona mito niliyouliza habari zake, na askari wa mpaka, na watu wakila ndizi kwa namna nyingi. Kila asubuhi nilikuwa paka kwenye kivuli cha bodi, dereva akinicheka. Mgongo ulikaa kimya kwa miezi, kisha ukauma wiki nzima, kisha ukanyamaza tena. Kama ni mazoezi, kama ni mguu, kama ulikuwa upone tu wenyewe, sijui, na yeyote anayeniambia anajua, namwangalia mikono.

Niliporudi Uthiru mara ya kwanza nilikuta kuku wamekuwa wengi uani. Watu walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Kangemi na Kawangware, na mwenye ploti anawafokea mmoja mmoja kabla hawajalala: "Hapa hakuna kushukuru!" Nilikuwa nimemletea kitenge kutoka Kampala, kimekunjwa ndani ya gazeti. Alikipokea kwa ncha za vidole.

"Hii ni ya nini?"

"Ni kitambaa tu, mama."

"Si ya kushukuru?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Nilikiona sokoni, nikakileta. Basi."

Akakikunjua, akakiinua juu kwenye mwanga, akakichunguza upande huu, akageuza, akachunguza upande wa pili mpaka kwenye pindo, akihakikisha kwamba sikuificha asante humo ndani.